Majibu Elfu Kumi na Mia Nane

Wifi yangu tunamwita Nukta. Jina hilo nilimpa mimi, siku muuguzi wa kliniki alipoandika kwenye kadi kwamba mwanangu wa pili ana uzito wa kilo thelathini na tano. Mtoto mwenyewe alikuwa na wiki mbili. Mimi nilicheka, nikachukua kadi yangu nikataka kwenda zangu, maana mgongo ulikuwa unaniuma na nyuma yetu kulikuwa na foleni ya wanawake wenye hasira. Wifi akagoma. Alisimama pale dirishani mpaka muuguzi akarudi kutoka kunywa chai, akatia nukta kati ya tatu na tano, ndipo tukaondoka. Njiani nikamwambia, "Wifi, watu watakuchoka wewe." Akanijibu, "Dawa zake zitapimwa kwa uzito huo." Hakuwa amekasirika hata kidogo.

Huyo ndiye ninayemwandika hapa. Ni mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, ameolewa na kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea mageti, na wana watoto wawili wanaoniita shangazi. Tunafundisha shule moja. Mimi nina darasa la nne, watoto sitini na mmoja, na nina mdomo unaowatosha wote. Yeye hupaza sauti mara moja kwa muhula, labda, na siku hiyo hata kuku wa jirani hunyamaza.

Kwa miaka sita wifi alikuwa anakusanya makosa. Sisi wengine tukisahihisha tunapiga alama ya kosa na kusonga mbele, madaftari ni mengi na siku ni fupi. Yeye alikuwa anamwita mtoto pembeni na kumwuliza, "Umefikaje hapa?" Mtoto aliyeandika kwamba hamsini na mbili ukitoa thelathini na nane inabaki ishirini na sita, sisi tunamwona mzembe. Wifi alinionyesha kwamba si mzembe. Ameona mbili haiwezi kutolewa nane, akageuza, akatoa mbili kwenye nane akapata sita, kisha akatoa tatu kwenye tano akapata mbili. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu kabisa. Ukimpigia alama ya kosa bila kujua kanuni hiyo, kesho ataifuata tena.

Basi akajifunza mwenyewe kuandika programu za kompyuta, kwa kompyuta kuukuu yenye kibonyezo kimoja kilichong'oka, akatengeneza programu inayofanya kile alichokuwa anafanya yeye pembeni ya darasa. Mtoto akikosa, programu haimwambii amekosa. Inamwuliza swali jingine, na jingine, mpaka ijue amepita njia gani. Kisha inamwambia mwalimu: hawa saba hawajui kuazima kumi, hawa watatu wanadhani nukta tatu tano ni kubwa kuliko nukta nne. Nilipoiona mara ya kwanza nilimkumbatia. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba sikuwa na kijicho.

Wafadhili wakaipenda. Wakaleta vishikwambi ishirini, vyembamba kama sahani, programu ijaribiwe mwaka mzima katika mikondo mitatu ya darasa la nne. Walikuwa na masharti mawili. La kwanza, wifi asiguse wala kufungua majibu ya watoto mpaka mwaka uishe, ili asije akashawishika kuyapamba. La pili, mwisho wa mwaka aende kwenye kongamano la teknolojia ya elimu, asimame mbele ya jopo na kuonyesha programu imegundua nini. Programu moja tu ingechaguliwa kwenda shule mia mbili. Zilizobaki zingefungwa na vifaa vyake kurudishwa. Wifi alikuwa na dakika kumi na tano za kuokoa miaka sita.

Sasa nifike kwangu. Vishikwambi vilipoletwa vilikuja na fomu. Kikivunjika kimoja, mwalimu wa darasa aandike barua ya maelezo, nakala kwa Mwalimu Mkuu na nakala kwenye faili lake. Mimi nina watoto sitini na mmoja, na kati yao kuna wawili waliowahi kuvunja mlango. Nikaisoma ile fomu mara mbili, nikavifungia vishikwambi kwenye kabati la chuma, na ufunguo nikauvaa shingoni.

Lakini sikutaka wifi akose majibu yake. Nikatafuta njia. Watoto walifanya maswali ya programu kwenye madaftari, kwa penseli, mimi nikasahihisha, wao wakafuta walipokosa na kuandika masahihisho, nikapitia tena, na kila kitu kilipokuwa sawa nikakaa chumba cha walimu wakati wa mapumziko, wifi akiwa amebaki darasani na watoto wake, nikaingiza majibu, mtoto mmoja baada ya mwingine, chai pembeni. Wenzangu wa mikondo mingine wakaona ni utaratibu mzuri, wakafuata. Tulijisifu jinsi tulivyokuwa makini. Wifi akiniuliza watoto wanaonaje, namwambia, "Wanavipenda sana, wifi." Siku mbili alizokuja darasani kutazama niliwagawia vishikwambi wasome maswali tu, nikawakaripia wasivishike kwa nguvu, akaondoka na furaha.

Naapa haikunijia akilini hata siku moja kwamba nafanya kosa. Kazi ya mwalimu ni mtoto apate. Huwezi kupeleka kwa watu kazi ambayo haijasahihishwa.

Kongamano lilikuwa Ijumaa. Jumatatu mchana, baada ya vipindi, wifi akafungua majibu ili achague mifano ya kuweka kwenye slaidi zake. Alikuwa ameahidi mifano kumi ya makosa, na jinsi kila mtoto alivyosaidiwa. Nilikuwa kwake, nimekuja kumletea gauni la kuvaa, maana yeye akiachwa angekwenda na sweta la chaki. Alikuwa mezani, kompyuta mbele yake, na hakuinua uso nilipoingia.

"Wifi," akasema, "majibu elfu kumi na mia nane. Makosa ishirini na tisa."

"Si vizuri?" nikauliza. Niliona fahari, Mungu anisamehe.

"Watoto wa darasa la nne hawawezi kukosa mara ishirini na tisa tu kwa mwaka. Mimi mwenyewe siwezi. Programu yangu haishiki makosa. Imeyapoteza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuelewa polepole, nilielewa mara moja, kama mtu aliyekalia kiti kisichokuwepo. Ile programu ilikuwa inakula makosa, na sisi tuliishindisha njaa mwaka mzima tukiipelekea masahihisho. Nikafungua mdomo. Kisha nikakumbuka tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa chumba cha walimu, lenye mhuri: mwalimu yeyote atakayejaza kazi kwa niaba ya mwanafunzi atahesabiwa ameghushi, na hatua za nidhamu zitafuata. Mwaka uliopita mwalimu wa shule ya jirani alisimamishwa kwa jambo dogo kuliko hili. Nikafunga mdomo, nikamwonyesha gauni. Hakuliangalia.

Jumanne aliomba ruhusa asije kazini. Nilipopita jioni mapema nilimkuta bado na nguo za kulalia, karatasi zimejaa hadi kwenye zulia. Alikuwa anapitia programu yake mstari kwa mstari, maelfu ya mistari, akitafuta mahali inapomeza makosa. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya kuchomelea mkononi.

"Hajala tangu jana," akaninong'oneza. "Ongea naye, ni wewe tu anayekusikia."

Nikajikaza kisabuni, nikakaa karibu naye. Alikuwa ameyachapa yale makosa ishirini na tisa kwenye karatasi moja, na kila moja ameliandikia maelezo kwa kalamu nyekundu.

"Angalia huyu wa kwako," akasema. "Jibu ni kumi na nne. Ameandika mia moja arobaini na nne. Nimekaa naye saa nzima. Anafikiria nini, wifi? Ameongeza badala ya kutoa? Hapana. Amezidisha kumi na mbili kwa kumi na mbili? Kwa nini?"

Nilijua anachofikiria. Alikuwa anafikiria chai yake inapoa. Kilikuwa kidole gumba changu, kilibonyeza nne mara mbili. Makosa yote ishirini na tisa, naamini, yalikuwa vidole vyetu. Wifi yangu, mwenye akili kuliko sote pale shuleni, alikuwa amekaa saa nzima akitafuta huruma na mantiki ndani ya kidole changu, na mimi nikatikisa kichwa nikasema, "Watoto hawa, wifi. Labda alikuwa na usingizi."

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nilipokuwa narudi kwangu. Lakini nikaenda kwangu.

Jumatano sikuvumilia. Nilimkuta ameacha kutafuta. Karatasi zote alikuwa amezipanga vizuri kwenye boksi la sabuni, na alikuwa anaandika barua kwa waandaaji. Alinisomea. Ilisema programu ina ubovu ambao mtengenezaji ameshindwa kuutambua, kwamba anaomba radhi kwa kuwapotezea watoto mia na themanini mwaka mmoja, na kwamba anajitoa. Alisoma mpaka kwenye neno "watoto" sauti ikakatika. Alilia kwa mdomo wazi, kama wanavyolia wale wa darasa la kwanza siku ya kwanza, na mikono hajui aiweke wapi.

"Wifi, programu ni nzima," nikasema. Kisha nikamwambia yote: fomu, kabati, ufunguo, madaftari, chai, mapumziko. Nilimwambia na kile kidole.

Unajua alichofanya? Alifurahi. Kwanza kabisa alifurahi. Alinishika mabega akauliza, "Kwa hiyo haina ubovu? Una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akafuta machozi, akatembea kutoka meza hadi dirisha na kurudi, na ndipo nikaona uso unabadilika, maana hesabu ilikuwa imemfikia. Programu ni nzima, na haina kitu. Mwaka mzima umekwenda na ndani yake hamna hata mtoto mmoja.

"Mliingiza masahihisho," akasema.

"Tuliingiza masahihisho."

"Na makosa yenyewe?"

"Yalifutwa, wifi. Penseli."

Nilitegemea anitukane. Ningefurahi. Aliuliza tu kama vishikwambi vina chaji, na kama kesho naweza kumpa watoto ishirini kwa vipindi viwili. Hata siku moja ya makosa ya kweli, alisema, ni bora kuliko mwaka wa uongo. Ningempa hata mia.

Alhamisi asubuhi nikatoa vishikwambi kabatini. Vingine bado vilikuwa na nailoni ya kiwandani kwenye kioo. Wifi aliona, akaibandua mwenyewe kimoja kimoja. Watoto ishirini wakaketi, wamevishika kwa mikono miwili kama wamebeba uji wa moto. Swali la kwanza likatokea: hamsini na mbili toa thelathini na nane. Wifi alikuwa amesimama nyuma, daftari mkononi, na nilimwona anaomba.

Hakuna aliyebonyeza. Walitoa karatasi, wakakokotoa kwa penseli, kisha wakainuka, wote, bila kuambiwa, wakapanga foleni mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, nimepata?" akauliza wa kwanza, akininyooshea karatasi.

"Rudini mkae," nikasema. "Bonyezeni tu jibu lenu."

Wakarudi wakakaa. Wakavitazama vishikwambi. Binti mmoja wa dawati la mbele akainua mkono. "Mwalimu, nikikosa je?"

Wifi akaja akapiga magoti pembeni yake, gauni lake safi likagusa vumbi. "Ukikosa ndiyo vizuri," akamwambia. "Nataka kuona unavyofikiri."

Yule binti aligeuka. Alinitazama mimi, aone kama ni kweli. Mwaka mzima wananisikia nikisema, "Atakayekosa leo atanitambua," na ninasema hivyo kila siku ya Mungu, kwa sauti hii niliyopewa, na wananitambua kweli. Nikajaribu kutabasamu. Nadhani nilizidi kuwatisha. Wakasubiri mpaka anayeshikaga namba moja akabonyeza, minong'ono ikapita dawati hadi dawati, na majibu ishirini yakaingia. Kumi na nne, yote ishirini.

Swali la pili likawa hivyohivyo, na la tatu pia. Kipindi cha pili wifi akawatenganisha, akanitoa mimi nje, akakaa nao chini sakafuni, akawachekesha. Nilisikia wakicheka kutoka uani. Alipotoka alikuwa na makosa mawili, na mmoja kati ya waliokosa alikuwa amekojoa kwenye kiti. Wifi aliketi kwenye ngazi za darasa, akafunika uso.

"Sina kitu," akasema mikononi mwake. "Wifi, sina kitu kabisa."

Alifuta slaidi zake zote isipokuwa ile yenye jina lake. Nilimwuliza atasema nini. Akasema atasema kilichotokea. Niliuliza kile ninachokumbuka kila ninapoamka.

"Utanitaja?"

"Sitamtaja mtu," akasema. "Nitasema majibu si ya watoto. Kisha nitawaomba mwaka mwingine."

Lilikuwa ombi zuri. Nilianza hata kuamini litakubalika.

Ukumbi wa kongamano ulikuwa na viti vya kitambaa na ubaridi wa kiyoyozi. Kila mtu alikuwa na kadi ya jina inayoning'inia kifuani. Waliotangulia walionyesha picha zinazosogea na mistari inayopanda tu, hakuna hata mmoja ulioshuka, na watu wakapiga makofi. Nilikaa safu ya tatu. Mwalimu Mkuu alikuja kwa heshima ya shule, amevaa suti, akaketi kushoto kwangu.

Wifi akapanda. Gauni lilimkaa vizuri. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na alisema kwa sauti yake ileile ndogo kwamba alitengeneza chombo cha kusikiliza makosa ya watoto, na kwamba katika majibu elfu kumi na mia nane aliyonayo, hakuna hata moja lililobonyezwa na mtoto. Alisema ametambua mambo mawili wiki hii. Programu inafanya kazi, na watoto wetu wanaogopa kukosa kiasi kwamba haina cha kufanyia kazi. Akaomba mwaka mmoja zaidi, safari hii aanze na walimu, akiwemo yeye. Alitumia dakika nne. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Huyu mama mkweli," na jopo lilikuwa linaandika, na mzee mmoja wa mezani alikuwa anatikisa kichwa kwa namna ya kukubali. Naapa tulikuwa karibu.

Kisha mama mmoja wa jopo, mwenye miwani, akavuta kipaza sauti chake. Hakuwa mkali. Alisema anaguswa, na kwamba mwaka mwingine unawezekana, lakini kuna jambo moja lazima lieleweke kwanza. "Kama majibu yalijazwa na walimu, hilo ni la nidhamu, mkuu wao wa shule yupo hapa na atalishughulikia, na wewe unaweza kuendelea. Kama yalijazwa na mtafiti mwenyewe, hatuwezi kumpa kitu tena. Kwa hiyo nakuuliza, mwalimu. Nani alijaza?"

Mwalimu Mkuu akajiweka sawa kwenye kiti, akatoa kalamu.

Wifi hakutazama upande wetu. Kama angenitazama, labda ningesimama. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Alikaa kimya kiasi cha mtu kuhesabu hadi kumi, na mimi nilihesabu, na kila namba ilikuwa nafasi yangu.

"Mimi," akasema.

Mama wa miwani akavua miwani. "Yote?"

"Yote. Mimi mwenyewe."

Akashusha kipaza sauti, akakiweka taratibu mahali alipokikuta, akaanza kushuka ngazi akiwa ameshika ukingo. Ukumbi mzima ulikuwa unanong'ona. Mwalimu Mkuu akaniinamia, mdomo karibu na sikio langu.

"Siamini," akasema. "Mtu kama yule. Wewe wifi yake, ulijua?"

"Hapana," nikamwambia. "Hata mimi siamini."